Matumbawe laini tangini: joto, maji na mwanga kwa hali ya Unguja na Pemba

#1 MwambaWaNje

Assalaam alaykum wana jukwaa. Maswali ya kufuga matumbawe laini nyumbani, kwenye tangi la maji ya chumvi, yamekuwa yakiulizwa vipande vipande kwenye nyuzi nyengine, kwa hiyo nafungua huu tuyaweke pamoja. Hesabu zangu zote ni za tangi la lita 200. Mwenye tangi jengine atagawa au kuzidisha.

Kabla ya maji na taa: tumbawe halivunjwi mwambani. Chumbe ni eneo la hifadhi tangu 1994, Menai, Mnemba na Misali zina taratibu zake, na kwengine kote uliza Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi kabla hujagusa kiumbe hai. Matumbawe laini hukatwa na kuota upya tangini, basi kipande cha kuanzia kitoke kwa mwenzako mwenye tangi. Kipande hicho kimeshazoea taa na maji ya ndani, na kinavumilia kuhamishwa.

Ya kuanzia ni Sarcophyton lenye umbo la uyoga, Sinularia la vidole, Briareum la kijani linalotambaa juu ya jiwe, na Xenia linalopwita. Tazama polipu zake (vinyama vidogo kama maua vinavyoliunda tumbawe) kwa karibu: kila moja ina minyiri minane yenye vijimanyoya pembeni. Hiyo ndiyo alama ya matumbawe laini halisi. Zoanthus na Discosoma huuzwa pamoja nayo na hutunzwa karibu sawa, ingawa ni ukoo mwengine.

Vipimo vya kushika:

- Joto: digrii 25 hadi 27, lisipande wala kushuka zaidi ya digrii 1 kwa siku
- Chumvi: gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yaani 1.026 kwenye rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi)
- KH (kipimo cha kaboneti, inayozuia pH isiyumbe): 8 hadi 9
- Kalisi: 400 hadi 430, magnesi: 1250 hadi 1350 (miligramu kwa lita)
- Nitreti: 5 hadi 10, fosfeti: 0.03 hadi 0.10

Mstari wa mwisho ndio unaowaponza wengi. Mtu anaweka skima kubwa (mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu), anaweka dawa ya kuondoa fosfeti, anafika sifuri kwa zote mbili, kisha anashangaa Sarcophyton linasinyaa na Xenia limeacha kupwita. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe unahitaji nitrojeni na fosforasi. Maji yakiwa matupu, tumbawe linakula akiba yake mwenyewe. Ukiona sifuri mbili, punguza muda wa skima na ongeza chakula cha samaki kidogo kidogo. Usikimbilie kununua chupa nyengine ya dawa.

Mwanga: PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani) 50 hadi 150 inatosha kwa yote niliyoyataja, saa 8 hadi 9 kwa siku. Kipande kipya kikae chini kabisa ya tangi kwa wiki mbili na taa ya LED iwe 40%, halafu panda 5% kila wiki. Polipu zikibaki ndani na rangi ikapauka, mwanga umezidi. Shina likirefuka na kuegemea upande wa taa, mwanga ni mdogo.

Mzunguko wa maji: lita 3000 hadi 4000 kwa saa kwa jumla, kutoka pampu mbili zinazotazamana na kupishana. Pampu isipige tumbawe moja kwa moja. Polipu ziyumbe huku na huku; zikilala upande mmoja kutwa, nyama ya upande ule huchubuka.

Kubadilisha maji: dumu moja la lita 20 kila wiki. Hilo peke yake hurudisha kalisi na magnesi yote ambayo matumbawe laini hutumia, kwa sababu hayajengi mifupa ya mawe, vijichembe vidogo tu ndani ya nyama.

#2 BintiWete

Wa alaykum salaam kaka, shukran sana. Mie nipo Wete. Chumvi ya tangi kuipata huku ni shida na bei yake si ya kuzoea. Bahari ipo hapo chini. Naweza kutumia maji yake? Na nichote wapi?

#3 MwambaWaNje

Unaweza, dada, na yakichotwa vizuri ni bora kuliko chumvi ya ndoo. Ila usichote hapo bandarini. Hori la Wete limezungukwa na mikoko, maji ya mvua yanashukia humo pamoja na tope, na chumvi yake haitulii. Chake Chake hali ni hiyo hiyo. Wape madumu wavuvi wanaotoka nje ya kisiwa cha Fundo, kwenye maji ya mkondo wa Pemba. Kule kina ni cha mamia ya mita na maji ni ya bahari kuu.

Wa Unguja nao: si Malindi, si Forodhani, si karibu na bomba lolote la maji machafu. Mashariki, Paje hadi Jambiani, maji ya ndani ya mwamba hukauka sana yakitoka, yanapata moto na kubeba mchanga. Chota nje ya mwamba, au subiri maji yajae kabisa. Wakati wa masika acha siku tatu nne zipite baada ya mvua kubwa.

Dumu liwe la maji tu. Dumu la mafuta ya kula hata ukiliosha vipi linabaki na utando, na utando ule huziba uso wa maji tangini, hewa ikashindwa kuingia. Chuja kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila sabuni, weka madumu gizani na jiwe la hewa kwa siku saba hadi kumi na nne. Viumbe vidogo hufa na kutuama. Vuta maji ya juu kwa mpira, acha sentimita tano za chini. Pima chumvi na joto kabla ya kumimina. Rifraktomita isawazishwe kwa maji ya kipimo ya 35, kwa sababu ukiisawazisha kwa maji baridi matupu (yasiyo na chumvi) inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea huku juu.

#4 FundiBomba

Naongezea upande wa maji ya kujazia, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Maji yanayopotea tangini ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 200 lenye feni hupoteza lita 4 kwa siku bila taabu. Ukiliacha siku tatu, lita 12 zimeondoka na chumvi imepanda kutoka 35 hadi zaidi ya 37. Halafu unamimina ndoo nzima mara moja, inashuka tena papo hapo. Tumbawe laini limejaa maji mwilini. Mshituko ule hulifanya linywee. Jaza kila siku, au weka boya linalofungua maji lenyewe yakipungua.

Boya lisifungwe kwenye bomba la nyumba wala simtanki. Siku likikwama, litamimina hadi sakafuni na samaki wote wataogelea kwenye maji baridi. Lifunge kwenye ndoo ya lita 15 iliyowekwa juu ya tangi. Likikwama, lita 15 zote zikiingia, chumvi inashuka kama 32 na nusu. Hapo viumbe wanaishi.

Ni maji gani? Maji yetu ya bomba na visima yanapita kwenye mawe ya chokaa, ni magumu, na mijini visima vingi viko karibu na mashimo ya vyoo, kwa hiyo nitreti ipo. Yapitishe kwenye chujio la RO (linalosukuma maji kupita utando mwembamba) na kichujio cha mwisho cha DI (kinachoondoa madini yaliyobaki) hadi kipima TDS (madini yaliyoyeyuka majini) kisome 0. Chujio la RO linataka msukumo wa psi 40 hadi 60. Simtanki iliyo mita 6 juu inatoa kama psi 8 na nusu tu, basi nunua na pampu ndogo ya kusukumia, la sivyo utapata matone na maji mengi ya kumwaga. Na hayo ya kumwaga usiyatupe, yanafaa kufulia na kumwagilia.

Mambo mawili nakataza kabisa. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu huua konokono, kamba na matumbawe. Maji ya mvua ya paa la bati hubeba zinki.

#5 Bamvua

Kwenye joto mimi nina la kusema kirefu, kwa sababu vitabu vingi vya tangi vimeandikwa na watu wanaohangaika kupasha maji, sisi tunahangaika kuyapoza.

Bahari yetu yenyewe hufika digrii 29 na zaidi mwisho wa kaskazi, na mwamba unavumilia. Lakini mwamba wa Bahari ya Hindi magharibi ulipauka vibaya mwaka 1998 na tena 2016, na kilichosababisha ni maji kukaa digrii moja hivi juu ya kiwango cha juu cha kawaida kwa wiki kadhaa. Tangini nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi, maana kuna taa inayopiga kutoka sentimita 20 na pampu zinazotoa joto ndani ya maji.

Kinachoua ni joto na mwanga kwa pamoja. Mwani ulio ndani ya tumbawe ukipata joto kali huku taa ikiwaka kwa nguvu, hutengeneza sumu ya oksijeni, na tumbawe linautapika. Kwa hiyo siku tangi likifika 30, jambo la kwanza ni kupunguza taa kwa 40%. Hilo halina gharama na linafanya kazi saa ile ile. Pili, hamisha saa za taa: ziwake saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Jua la mchana na taa visikutane.

Feni: mbili za volti 12 za kompyuta, zipige uso wa maji kwa mshazari, na kifuniko cha kioo kiondolewe, weka wavu. Hewa ikiwa kavu zinashusha digrii 2 hadi 3. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu, maji hayavukizi, na feni zile zile hazishushi hata digrii 1 na nusu. Usijilaumu wala usiongeze feni ya tatu, ni msimu.

Chupa ya barafu: watu wanaitegemea kuliko uwezo wake. Chupa ya lita 1.5 iliyoganda, ikiyeyuka yote, inashusha lita 200 kwa chini ya digrii 1. Ni msaada wa dharura tu. Usiweke tatu kwa mpigo, kwani hata kwenye dharura tangi lisishuke zaidi ya digrii 1 kwa saa.

Mwenye uwezo anunue mashine ya kupoza maji, nguvu farasi 1/10 kwa ukubwa huu. Isiwekwe ndani ya kabati la tangi. Inatoa joto kwa nyuma, na ukiifungia humo inapasha chumba kile kile inachojaribu kukipoza, haizimi, na bili inapanda.

#6 MtuWaMkoani

Ahsante Bamvua. Umeme ukikatika usiku kucha je?

#7 FundiBomba

Oksijeni kwanza, sheikh, joto baadaye, taa mwisho kabisa. Matumbawe yanakaa gizani siku mbili tatu bila ya madhara makubwa. Samaki kwenye maji yaliyosimama yenye joto la 28 hawana muda huo.

Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika ni bei ndogo, kila tangi liwe nayo. Kwa muda mrefu: betri ya volti 12 ya Ah 100 ina Wh 1200, lakini ya risasi usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Pampu ya DC ya wati 20 ikifungwa moja kwa moja bila inveta inakwenda karibu saa 30. Kupitia inveta, hesabu saa 25. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hiyo mwenye tangi kubwa afikirie paneli ya jua pia.

Kichujio cha kopo kilichofungwa kikizima saa kadhaa, bakteria wa ndani hufa na maji yake yananuka mayai viza. Umeme ukirudi, fungua kopo, mwaga maji yale, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Na waya zote zipinde chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji ya chumvi yadondoke sakafuni yasiingie kwenye soketi. Stabilaiza kwa taa za LED ni lazima, umeme ukirudi kwa kishindo unaunguza draiva zake.

#8 BintiWete

Sarcophyton langu limejifunga zaidi ya wiki sasa. Polipu zote ndani, juu linang'aa kama limepakwa nta, na kuna utando. Niliondoe?

#9 MwambaWaNje

Usiliguse. Hiyo ni kawaida yake: linavua ngozi. Hutoa utando wa nta pamoja na mwani na uchafu ulioshika juu, huchukua siku chache hadi wiki mbili. Geuza pampu kidogo ili maji yapite juu ya kichwa chake, utando utang'oka wenyewe. Baada ya hapo polipu hutoka na mara nyingi huwa limekua.

Angalia tofauti. Likiwa linavua ngozi, shina limesimama imara na halina harufu. Likiwa linaoza, sehemu fulani inageuka kahawia au nyeusi, inalainika, ukiinusa inanuka. Hapo kata papo hapo, uingie sentimita moja ndani ya nyama nzima, utupe kilichooza, na uweke mkaa mpya wa kuchujia.

Mkaa huo uwe wa kudumu kwenye tangi la matumbawe laini. Matumbawe haya yanapigana kwa kemikali: Sarcophyton na Sinularia hutoa sumu majini ili jirani asikue. Kwenye bahari wazi inapotea, tangini inabaki. Ukiona Sinularia linanenepa na kila kitu kando yake kinanyauka, ndiyo hiyo. Kikombe kimoja cha mkaa kwa lita 200, uoshwe vumbi kwa maji ya RO, ubadilishwe kila wiki tatu hadi nne. Ni mkaa maalumu wa kuchujia, wa jikoni haufai. Na uache sentimita 15 kati ya Sarcophyton na jirani yeyote.

#10 MtuWaMkoani

Naomba na namna ya kukata na kupandikiza. Gundi haishiki kwangu.

#11 Bamvua

Haishiki kwa sababu ya ute. Kila moja ina njia yake.

Sarcophyton na Sinularia: wembe mpya, kata mara moja bila kukereza. Kipande kiwe sentimita 3 hadi 5. Kisuuze kwenye bakuli la maji ya tangi, kisha kiache kwenye kikapu penye mkondo siku mbili tatu hadi jeraha lifunge. Ndipo ukifunge kwenye jiwe dogo kwa mpira wa kufungia, usikaze hadi ukate nyama. Kinashika kwa wiki mbili hivi. Bakuli la maji yaliyotumika limwagwe nje, lisirudi tangini, limejaa sumu.

Discosoma: kata kama unavyokata chungwa, mstari upite katikati ya mdomo. Weka vipande kwenye kikombe chenye kokoto, funika kwa kitambaa cha shela, weka penye mkondo mdogo. Ukiondoa shela mapema vinaelea na kupotea nyuma ya mawe.

Xenia: usikate kama si lazima. Weka kokoto kandoni mwake, litapanda lenyewe, kisha uihamishe kokoto. Xenia na Briareum vikae kwenye jiwe la peke yake lililozungukwa na mchanga, la sivyo vitafunika mwamba wote na hutaweza kuving'oa. Kwa wanaouliza kwa nini Xenia hupwita: utafiti uliotolewa 2013 ulionyesha kuwa kupwita kunaondoa oksijeni iliyojikusanya kwenye polipu, na usanisinuru unaongezeka sana. Ndiyo maana kusimama kwake ni dalili ya kuangalia haraka; pima KH na chumvi siku hiyo hiyo.

Zoanthus ndiyo gundi ya supaglu hushika, kwani unapaka chini ya kijiwe chake. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Zoanthus na hasa jamaa yake Palythoa huweza kuwa na palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana. Vaa glavu na miwani ya kinga. Usiliparuze jiwe lake kwa brashi likiwa kavu, usilimwagie maji ya moto, na usilichemshe kamwe kuliua, mvuke wake umewapeleka watu hospitali pamoja na familia zao. Watoto wasiwe karibu. Ukipata uchungu mdomoni, kifua kubana au homa baada ya kazi hiyo, nenda hospitali na umwambie daktari neno palitoksini.

#12 BintiWete

Nimewaelewa, Mungu awalipe. Jambo jengine: nimesikia KH inapandishwa kwa chokaa. Ile ya tambuu, au ya kujengea, yafaa?

#13 FundiBomba

Haifai dada. Chokaa yetu inachomwa kwa mawe na kuni, ina majivu, mchanga na madini usiyoyajua. Inayotumika ni kalisi hidroksidi safi ya kiwango cha chakula. Gramu 1.5 kwa lita ya maji ya RO, koroga, iache ituame, tumia maji ya juu yaliyo angavu, si yale ya rangi ya maziwa, tone kwa tone, na usiku. Ukimimina kwa haraka pH inaruka. Lakini kwa matumbawe laini peke yake huihitaji, lile dumu la kila wiki linatosha. Pima KH mwezi mzima kwanza. Ikibaki juu ya 7 bila msaada, iache.

Mawe ya kujengea ndiyo yanafaa, ikiwa unataka mwamba bila kugusa bahari. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu, kilo 20 hivi, yasiyoguswa na saruji wala rangi. Sugua udongo mwekundu wote, loweka maji baridi wiki moja ukibadilisha kila siku, kisha maji ya chumvi na pampu kwa wiki nne hadi nane mpaka amonia na nitriti zisome 0. Pima na fosfeti. Ikiwa juu ya 0.2 endelea kubadilisha maji.

#14 MtuWaMkoani

Na dawa ya mbu? Nyumbani kwetu hupulizwa.

#15 MwambaWaNje

Dawa nyingi za kupuliza ni za jamii ya pareto, na kamba na kaa hufa kwa kiasi kidogo sana. Samaki nao hawako salama. Siku ya kupuliza zima pampu ya hewa na skima, maana ndizo zinazovuta hewa ya chumba na kuichanganya na maji. Funika tangi kwa nailoni na juu yake shuka lenye unyevu, acha pampu za ndani ziendelee kuzunguka. Fungua madirisha saa mbili baada ya kupuliza, futa kioo na kabati kwa kitambaa, ndipo ufunue. Weka mkaa mpya siku hiyo na ubadilishe dumu moja la maji kesho yake. Ukiweza, mwambie mpulizaji ukuta wa nyuma ya tangi auache.

Samaki: kipepeo usimweke, anadonoa polipu. Tasi hula mwani vizuri, ila wengine huzoea kuonja matumbawe laini, mtazame wiki za mwanzo.